Upana wa Gari

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza niliposikia kucha zikikwangua plastiki, nikajua tetea amepanda tena kwenye kiti cha Odilia. Kiti hicho cha magurudumu kilitoka Ulaya kwa meli, kikanyunyiziwa maji ya baraka, kikapigwa picha, na tangu Pasaka kazi yake nyumbani kwangu ilikuwa kutagiwa mayai. Niliamka nikamshusha kuku, nikapangusa kiti kwa kanga kuukuu. Ng'ombe alikuwa anacheua upande wake wa nyumba. Odilia aliniambia kutoka kitandani nimwache kuku wa watu, kwani katika nyumba hii ni yeye peke yake aliyepata faida na msaada ule.

Odilia ni mjukuu wangu, mtoto wa Primus, mwanangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini tambarare. Polio ilimpata akiwa ndiyo kwanza anajishikilia ukutani ajifunze kusimama. Nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni kwenda shule na kanisani, na alipokuwa mkubwa kuliko mgongo wangu baba yake akamnunulia cherehani cha mkono. Wakati ninaosimulia alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mabega mapana na mikono yenye nguvu, na ulimi ambao sijui ameutoa wapi.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Moshi mjini. Kila mwanamke wa Kibosho alikuwa na gauni la mama mnene wa Ulaya linalohitaji kupunguzwa. Kazi ilikuwepo, tena nyingi, lakini ilikuwa barabarani na Odilia alikuwa ndani. Mtu akishuka gulioni na gauni lake mkononi hapandi tena mlima kumtafuta fundi migombani.

Shedrack mwenye duka aliliona hilo bila kuambiwa. Shedrack si mtu wa kwetu, alikuja kutoka Same na mke wake na magunia mawili ya chumvi, na watu bado wanamwita mgeni. Siku moja alinisimamisha akaniambia kwamba baraza la duka lake lina kona isiyonyeshewa mvua. Odilia akiweza kufika aweke cherehani pale. Hakutaja kodi. Alisema tu kwamba kuna fundi mwingine wa Soweto, kule mjini, anaiulizia kona hiyohiyo, na kwamba yeye angependa aikalie Odilia, lakini baada ya Krismasi mke wake hatakubali ikae tupu zaidi. Basi tukajua. Odilia akifika barabarani kwa nguvu zake kabla ya Krismasi, ana kazi. Asipofika, atabaki ndani akinisikiliza nikikoroga uji mpaka nife.

Kilichomzuia hakikuwa mlima. Kilikuwa njia.

Nyumba yetu haiko barabarani. Ili uifikie unapanda kijia kinachopita kati ya vihamba viwili, mashamba ya urithi. Mkono wa kushoto ni kihamba cha marehemu mume wangu, migomba na kahawa. Mkono wa kulia ni kihamba cha Urbanus, ambaye baba yake na mume wangu walikuwa watoto wa ndugu. Kijia kinafika kwangu kwanza, kisha kinaendelea kwa Urbanus. Na kila upande wa kijia kuna safu ya masale, yale majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Mababu waliyapanda wakapima njia kwa mwili wa mtu: mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani anapita. Mtu na ng'ombe wake wanapita, ng'ombe akitangulia. Kiti cha magurudumu hakipiti. Tulijaribu siku ya kwanza, kikanasa katikati ya masale kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye uzio, na Odilia akachubuka vifundo vya mikono yote miwili.

Sasa niwaambie jinsi kiti kilivyokuja. Urbanus alikuwa mwenyekiti wa kamati ya parokia ya kuwasaidia walemavu. Cheo hicho alikipenda sana. Alikuwa na koti la kijivu kwa ajili ya mikutano yake, na alipolivaa sauti yake ilibadilika, ikawa kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari redioni. Wafadhili walipotuma viti, alichagua Odilia awe wa kwanza kukabidhiwa, kwa kuwa alikuwa kijana na sura yake ilikuwa nzuri kwenye picha. Hili alilisema mwenyewe, mbele yangu, akidhani ni sifa.

Vijana wa kwaya walimbeba Odilia kutoka nyumbani hadi kanisani juu ya kiti cha jikoni. Pale mbele ya kanisa wakamhamishia kwenye kiti cha magurudumu. Urbanus akasimama nyuma yake, akashika vishikio kama mtu anayeendesha gari, akahutubia. Alisema kuanzia leo binti huyu amekuwa huru. Watu wakapiga makofi. Mzungu akapiga picha. Halafu mvua ikatishia, watu wakatawanyika, na binti huyo aliyekuwa huru akarudi nyumbani mgongoni kwa kijana mmoja, na kiti chake kichwani kwa mwingine. Urbanus alitangulia mbele yao na mwavuli, kwa sababu ya koti.

Nilimfuata baada ya juma moja. Nilienda kwa heshima, na maziwa mabichi kwenye kibuyu. Kwanza nilipitia nyuma kumwamkia mama yake, Mektrida. Mimi na Mektrida tuliolewa msimu mmoja katika ukoo mmoja, tumechota maji pamoja na kuzika pamoja. Kwaresima ya mwaka uliopita upande wake wa kushoto ulikufa, akaanguka jikoni, na tangu hapo hakuonekana nje. Nilimkuta amelala akitazama ukuta. Evaline, mke wa Urbanus, alikuwa amemsuka nywele vizuri na kumkata kucha, na alikuwa amemwekea chini ya kisigino kitambaa laini asipate kidonda. Evaline ni mwanamke asiyesema sana. Mambo kama hayo huyafanya mtu akiwa amechoka na hakuna anayemwona.

Nikaenda mbele kwa Urbanus. Nilimweleza habari ya kijia, na ya baraza la Shedrack, na ya fundi wa Soweto. Nikamwambia simwombi hata unyayo mmoja wa kihamba chake. Isogezwe safu ya upande wangu, iingie kwenye kahawa yangu, nami nitang'oa mibuni. Kahawa yenyewe wakati ule haikuwa na bei, ilikuwa inatuangalia tu.

Alinisikiliza macho yamefumbwa, kama yuko kwenye maungamo. Kisha akaeleza kwa urefu kwamba masale si magugu. Mpaka ni wa ukoo, si wangu wala wake. Safu moja ikisogea, nyingine nayo inakosa nguvu, na kesho watu watasema mpaka umefunguliwa, kila mtu achukue anachotaka. Mababu watauliza. Alisema yeye ni nani hata awaamshe mababu.

"Mama mdogo," akasema, "hakuna anayewapenda walemavu hapa kama mimi. Lakini mpaka ni mpaka."

Akaahidi kwamba kila Jumapili vijana watakuja kumbeba Odilia kwenda misa. Nilipomuuliza kama vijana hao watambeba pia Jumatatu na Jumanne na siku zote za kazi, alicheka akanipiga piga begani. Nikamuuliza habari za mama yake. Yupo, akasema, anapumzika. Mtu anayetazama ukuta kutwa nzima anapumzika. Niliondoka na kibuyu changu.

Odilia nilipomweleza hakulia. Alisema yeye si gunia la kahawa, hahitaji wapagazi. Akakata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akajishonea kitu kama glavu, na kila alasiri akawa anazungusha magurudumu kwenye uwanja wetu mdogo mbele ya nyumba, kutoka zizini mpaka shina la mparachichi na kurudi, akijifunza kupanda na kushuka na kufunga breki kwa viganja. Nilikuwa nikimtazama huku nachambua maharage. Uwanja wenyewe ungeenea kwenye mkeka. Alizunguka humo miezi yote ya baridi, mbele ya mpaka wa mababu, na Urbanus alipopita kwenda mikutanoni na koti lake alimsifu kwa bidii yake.

Novemba ikafika. Shedrack alinikuta dukani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba fundi wa Soweto amekuja na cherehani chake kabisa, kiko juu ya mkokoteni. "Nimemwambia pana mtu," akasema. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa uongo, na ulikuwa na maana kuliko hotuba zote nilizozisikia mwaka ule.

Asubuhi moja ya juma hilohilo, Urbanus akaja kwangu. Alikuja bila koti. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyejua, jani hilo kwetu si mchezo. Mtu aliyekukosea akija nalo, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, humfukuzi. Unalipokea, na ukishalipokea neno limekwisha. Nimeliona likiletwa mara chache katika maisha yangu, na kila mara watu wazima walilia. Basi nilipomwona Urbanus mlangoni ameshika fundo lile kwa mikono miwili, moyo wangu ukalainika pale pale. Nilijua amelala akimwaza Odilia. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe kabla hajafungua kinywa.

Aliniamkia shikamoo, akakataa kukaa. Alisema amekuja kuomba radhi kwa maneno ya siku zile, kwamba amefikiri, na ameona kweli kijia ni chembamba. Nikasema ahsante Mungu. Ndani, cherehani cha Odilia kilikuwa kinaimba.

"Ni kuhusu Gerson," akasema.

Gerson ni mwanawe wa kwanza, anafanya biashara Dar es Salaam, anauza redio na majokofu yaliyotumika. Alikuwa ametuma salamu kwamba Krismasi anapanda na gari. Gari lake mwenyewe, Toyota, lenye vioo vyeusi. Urbanus alieleza kuhusu vioo kwa muda mrefu kidogo. Sasa ingekuwa aibu gari la namna hiyo lilale barabarani dukani kwa Shedrack kama mzigo uliokosa mwenyewe, wakati kwao kupo. Amekipima kijia. Kikisogezwa upande wangu, ule upande niliousema mwenyewe, na kidogo upande wake, gari litafika mpaka mlangoni.

Cherehani kilinyamaza. Odilia alitoka akijisukuma kwenye kiti, glavu zake za mpira mikononi, akasimama kizingitini.

"Shikamoo baba mkubwa. Hilo gari limepata ajali?"

"Marahaba. Ajali? Hapana. Ni zima kabisa, linatoka Japani."

"Nilidhani lina ulemavu. Maana mtu mzima tunajua anapita kijiani kwa miguu yake, na asiyeweza anabebwa. Si vijana wa kwaya wapo?"

Urbanus alicheka kicheko kile cha watu wazima kwa watoto. Alisema Odilia ana maneno. Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha jani.

Nililipokea kwa mkono wa kulia, kwa sababu sikufundishwa kulikataa. Mume wangu angefufuka anichape. Lakini hakuna mila inayosema kwamba anayelipokea anyamaze kimya. Nilimwambia mababu amekwisha waamsha yeye, basi na tuwape kazi yenye maana. Njia ianze juma hili, si mkesha wa Krismasi. Ilinganishwe na kizingiti changu, pasiwe na hata kijiwe. Pale inapovuka mfongo, mfereji wetu wa maji, ziwekwe mbao zilizobanana, gurudumu jembamba lisizame.

Alikubali yote. Akataja tu kwamba kule chini barabarani ataweka geti la chuma, kama nyumba za mjini, na ufunguo utakaa kwake kwa usalama.

"Hapana geti," akasema Odilia.

Urbanus alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia amemsikia. Alimeza mate kama mtu anayemeza klorokwini bila maji, akaitikia.

Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja, ilipigwa. Wanaume wakaja na majembe na sururu, wanawake tukapika. Mzee Wenseslaus, mkubwa wa ukoo, alimimina mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye mashina ya masale, akawaeleza waliolala kwamba watoto wamekua na vitu vyao vimekuwa vipana. Kisha masale yaling'olewa safu nzima na kupandwa upya, hatua moja ndani ya kahawa yangu, nusu hatua ndani ya kihamba cha Urbanus. Nilisimama pale nikasubiri. Hakuna aliyeanguka, hakuna ng'ombe aliyekufa, hata mawingu hayakusogea. Mababu, ambao miezi yote ile walikuwa wakali sana kwa kiti cha magurudumu, hawakuwa na neno juu ya Toyota.

Kazi ilikwisha kabla ya Jumamosi. Kumbe muda wote kilichohitajika kilikuwa mlo mmoja wa ndizi na mtungi wa mbege.

Jumatatu asubuhi Odilia alishuka. Alinikataza kumsukuma. Cherehani nilikibeba mimi kichwani, nikatembea nyuma yake, nikimwangalia mabega. Alishika magurudumu kwa zile glavu, akateleza taratibu, akafunga, akateleza tena. Kwenye mbao za mfongo alisimama akatazama maji yakipita chini yake. Hakuwahi kuyaona kwa karibu ila akiwa mgongoni kwa mtu, na mgongoni huoni chini, unaona kisogo. Kisha akavuka.

Dukani tulimkuta Shedrack amechafuka udongo mpaka magotini. Alikuwa amejaza changarawe ukingo wa baraza na kuishindilia ikawa mteremko mrefu, usio mkali. Hakuna aliyemwomba, hakuna kamati iliyokutana. Odilia alipanda hadi kwenye kona yake mara moja, akageuza kiti, akatazama barabara. Shedrack alisema tu kwamba mchana jua linaingia kona ile, ataleta gunia la kuzuia. Mwanamke wa kwanza alifika na gauni kabla sijakaa chini.

Jioni kupanda kulikuwa kugumu. Wanawake wanaotoka gulioni walimsaidia. Mmoja alimuuliza kwanza, nikusukume? Wengine wakajifunza kwake kuuliza. Kila mmoja alipofika njia ya kwao alimkabidhi kwa mwenzake, wakaendelea na umbea wao kama kawaida, na Odilia katikati yao akisikia yote. Alifika nyumbani amechoka, na habari za parokia nzima.

Krismasi Gerson akaja. Gari lilipanda kwa shida, likikoroma, watoto wakilikimbilia nyuma. Lilipita mlangoni kwangu na vioo vyake vyeusi, sikujua kama aliyekuwemo alinisalimia. Urbanus alichinja mbuzi, akaalika ukoo, padre na kamati yake. Alituma mtu kuja kusisitiza kwamba Odilia asikose, na aje na kiti.

Tulipofika tulielewa kwa nini. Urbanus alikuwa amevaa koti. Alikuwa amesimama juu kwenye baraza lake jipya la saruji, lenye ngazi zinazong'aa kama sahani, akimweleza padre na wageni jinsi alivyofungua njia ya walemavu. Alisema alihatarisha mpaka wa babu zake kwa ajili ya binti mmoja mnyonge. Sauti ilimtetemeka vizuri. Wageni wakageuka kumtazama binti mnyonge. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale, nyuma yake, kubwa kama zizi, na hakuna hata mmoja aliyelitazama.

Padre alisema jambo hilo ni la mfano. Mzee Wenseslaus, aliyemimina mbege mwenyewe, alitazama chini akachokonoa meno.

Urbanus akasema Odilia apandishwe barazani akae na wageni wa heshima. Vijana wawili wakaanza kuja. Odilia aliinua kiganja chake cha mpira.

"Ahsanteni, nitakaa chini. Baba mkubwa hajapata bado mgeni mwenye gari la kupanda ngazi."

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Mimi nilimgeuza tukaondoka mbele, tukazunguka nyumba kwenda upande wa jikoni, ambako ardhi ni tambarare na ambako chakula chenyewe kilikuwa kinapikwa. Evaline alitukaribisha na bakuli la mtori. Mlango wa chumba cha Mektrida ulikuwa hapo hapo, hauna ngazi wala kizingiti. Kiti kikaingia.

Mektrida alikuwa anatazama ukuta. Vicheko na nyimbo za mbele alikuwa anavisikia vyote. Mdomo wake upande mmoja ulikuwa mzito, lakini maneno yake nilikuwa nimeyazoea.

"Ni sherehe ya nini?" akaniuliza.

Nilimwambia Gerson amekuja na gari, na kwamba Urbanus amefungua njia ya walemavu.

"Walemavu gani?" akasema.

Mwanawe ana kamati, ana koti, ana picha na Wazungu, na katika kuwatafuta walemavu wa parokia nzima hakuwahi kufungua mlango wa nyuma ya jiko lake. Si kwamba alimficha. Angemficha ningemwelewa zaidi. Hakumhesabu tu.

Odilia ndiye aliyesema. Alijisogeza mpaka kitandani, akashika ukingo, akajivuta kwa mikono, akakaa kitandani pembeni ya mzee yule. Kisha akakisukuma kiti kitupu upande wangu.

"Bibi, mtoe nje. Mimi nitakaa hapa na mtori wangu."

Evaline aliacha mwiko. Mimi na yeye tulimwinua Mektrida, alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani ya ng'ombe, tukamkalisha, Evaline akamfunga kanga kiunoni na kwenye kiti asiteleze, akamfunika mabega kwa kanga yake mwenyewe. Tukatoka. Mlima ulikuwa umefunguka siku hiyo, theluji yote nje. Mektrida aliutazama akakunja uso kwa ule mwanga, na jicho lake moja likatoa machozi, sijui kwa mwanga au kwa nini.

Tulipozunguka kona ya nyumba kuelekea mbele, wimbo ulikatika polepole, sauti moja baada ya nyingine. Watu waliinuka. Wengine walidhani amekwisha kufa siku nyingi, niliona nyusoni mwao. Padre alishuka zile ngazi, akaja akainama akashika mkono wake uliokufa, na si ule mzima. Hilo nililiona na nilimpenda kwa hilo.

Urbanus alibaki juu.

"Mama mdogo, kuna baridi," akasema. "Mrudisheni mama, ataumwa."

"Urbanus," akasema Mektrida, taratibu, akihangaika na kila neno, "shuka uniletee nyama. Uikate ndogo."

Alishuka. Alipomaliza kuikata koti lilikuwa limejaa madoa ya mafuta, kwa sababu hakuwahi kumkatia mama yake nyama na hakujua vipande viwe na ukubwa gani. Alimlisha mbele ya watu wote. Sikumwonea huruma, na hata leo nikitafuta huruma hiyo siipati, ingawa nyingine zote ninazo.

Baada ya hapo nilimsukuma Mektrida kwenye njia mpya. Nilipita kando ya gari, ambalo lilibana kidogo. Tulishuka mpaka kwangu, mpaka kwenye mbao za mfongo. Aliomba nisimame kwenye masale. Alinyoosha mkono mzima, akashika majani moja moja, akaona udongo mbichi kwenye mashina.

"Yamesogezwa," akasema.

"Yamesogezwa."

"Ni nani aliruhusu?"

Nikamwambia mababu. Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, mpaka kanga ikalegea nikamfunga upya.

Tuliporudi chumbani Odilia alikuwa amemaliza mtori na amepunguza gauni la Evaline kwa sindano ya mkono, maana hawezi kukaa bure. Tulimlaza Mektrida. Safari hii Evaline alikigeuza kitanda kwanza, mto ukaenda upande wa pili, uso ukaelekea mlangoni. Odilia alirudi kwenye kiti chake akakaza glavu.

Mektrida alimshika kidole.

"Kesho unakwenda wapi?"

Odilia alimwambia kesho ni sikukuu, lakini kesho kutwa atakuwa dukani kwa Shedrack kuanzia asubuhi, na kwamba akikaa kwenye cherehani kiti chake hakina kazi mpaka jioni, kinasimama tu ukutani.

Mektrida aligeuza jicho lake kwangu.

"Basi uje nacho, mwenzangu," akasema. "Kesho kutwa uje tena. Usipite mbele."